Soma Ubavu wa Tairi

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuendelea na habari za lishe ya mtoto aliyeachishwa ziwa, lakini tumepokea barua iliyotufanya tuweke uji pembeni kwa muda. Mama mmoja wa Dar es Salaam anatuandikia kwamba mume wake amestaafu, na sehemu ya kiinua mgongo ameinunulia Kombi ya zamani ya Volkswagen, ile yenye kitanda nyuma, kabati na jiko dogo la gesi. Nia yake ni njema kabisa. Anataka Desemba awapeleke watoto na wajukuu nyumbani Moshi, walale njiani watakapochoka, bila kugombania tiketi za basi. Gari limepakwa rangi mpya na viti vimeshonwa. Limebaki suala la matairi.

Rafiki wa mzee amemletea matairi manne ya mtumba. Anasema yana kashata kama mapya, na bei yake haifiki robo ya bei ya mapya. Mama huyu anatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, matairi hayo yanafaa? La pili, ambalo tunadhani ndilo hasa lililomfanya achukue kalamu, ni hili: mwanamke asiyejua kuendesha gari atamwambiaje mume wake habari za matairi bila kuonekana anamdharau?

Huenda msomaji mwingine atasema haya ni mambo ya wanaume, yabaki gereji. Nasi tuliwahi kusema hivyo. Tuanze basi na aibu yetu wenyewe, ndipo tumjibu mama huyu.

Kikundi chetu cha akina mama usharikani kina Kombi ya aina hiyohiyo, ya mwaka 1986. Iliachwa na familia ya wamisionari waliporudi kwao Ujerumani, ikakaa chini ya mwembe miaka mingi hata kuku wakawa wanataga ndani yake. Mwaka 2017 tuliifufua. Tulicheza upatu, tukauza maandazi baada ya ibada, fundi akatuhurumia bei, na ile injini ya nyuma ikanguruma tena. Tangu hapo tunakwenda nayo mara mbili kwa mwezi kwenye kliniki ya mama na mtoto katika vijiji vya tambarare, upande wa Same na Hedaru. Kile kitanda cha nyuma tunamlazia mama mjamzito tunapompima, na pazia lake dogo la maua limetusitiri akina mama wengi.

Februari 2021 tulikuwa tunarudi alasiri, jua kali, tuko kati ya Hedaru na Makanya. Ndani tulikuwa watu wazima wanane, masanduku ya dawa, mizani ya kupimia watoto, debe mbili za maji, na mama mmoja aliyempakata mtoto wa miezi miwili. Mtoto huyo alikuwa na homa na kifua kinabana, tunamkimbiza hospitali Same. Tukasikia chini kulia kitu kinapiga pu, pu, pu, kama mtu anayegonga sakafu kwa ngumi. Dereva wetu, baba mmoja mzee wa kanisa aliyeendesha malori ujana wake wote, alisema neno moja tu, "Shikeni." Kisha tairi la nyuma likapasuka.

Gari lilivutwa kushoto, likavutwa kulia. Mzee hakukanyaga breki. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka likaingia kwenye mchanga wa kando ya barabara. Basi lililokuwa nyuma yetu lilipita likipiga honi ndefu. Tulipotulia ndani kulikuwa kimya, halafu mtoto akaanza kulia, na katika miaka yote ya wodini hatujawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Tuliposhuka tuliona ajabu. Kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyoshika barabara, zilikuwepo, tena ndefu na nzuri. Lakini ngozi yote ya juu ilikuwa imebanduka kutoka kwenye mwili wa tairi kama ganda la ndizi, na nyaya za chuma zimechomoza. Mzee alifuta vumbi kwenye ubavu wa tairi kwa kitambaa chake, akatuonyesha kwa kidole tarakimu nne zilizokuwa ndani ya kiduara chenye umbo la yai: 1407. "Hili lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2007," akasema. Lilikuwa na miaka karibu 14. Tulikuwa tumelinunua mtumba miaka miwili nyuma, na mtunza hazina aliyesema kwamba lile linatosha, lina kashata, tusipoteze fedha za akina mama, ndiye huyu anayekuandikia ukurasa huu.

Kilichotuumiza zaidi ni hiki. Asubuhi ya siku ileile, kabla hatujaondoka, tulikuwa tumesoma tarehe ya kila chupa ya dawa na chanjo iliyoingia kwenye sanduku la barafu. Tunafanya hivyo kila siku ya kazi bila kuambiwa. Hakuna muuguzi anayesema dawa hii ni nzima kwa kuwa chupa yake inang'aa. Lakini tairi lililobeba sanduku hilo, na sisi, na yule mtoto, hatukuwahi kulisoma.

Sasa mpenzi msomaji, tazama kwa nini jambo hili linaligusa sana gari la namna hii kuliko magari mengine. Tairi la daladala halifi kwa uzee. Linatembea kutwa, kashata zinaisha, linakuwa kipara, linatolewa. Kombi yenye vitanda inatembea wiki mbili, inalala miezi mitano. Kashata haziishi kamwe, na mwenye gari akiziangalia anafurahi. Lakini mpira unaendelea kuzeeka hata ukiwa umesimama, kwa jua, kwa joto na kwa hewa yenyewe. Viwandani huchanganya ndani ya mpira dawa za kuuzuia usikauke na kupasuka, na dawa hizo hupanda juu ya mpira tairi linapozunguka na kunyumbuka. Tairi lililosimama halipati faida hiyo vizuri. Polepole mpira unakuwa mgumu, unachanika vijistari vidogo ubavuni, na ile gundi inayoshikilia nyaya za chuma inalegea bila mtu kuona. Halafu siku moja familia inapakia, jua ni kali, safari ni ndefu, na gari ni zito kuliko siku zote.

Si sisi peke yetu tuliojifunza kwa njia ngumu, na wengine walilipa zaidi ya tulivyolipa sisi. Huko Uingereza, tarehe 10 Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana Liverpool kutoka kwenye tamasha la muziki la kisiwa cha Wight liliacha barabara karibu na Hindhead, likagonga mti. Watu watatu walifariki, mmoja wao Michael Molloy, kijana wa miaka 18. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Kashata zake zilikuwa za kutosha, na sheria ya wakati ule haikuuliza umri. Mama yake, Frances Molloy, hakunyamaza. Alifuatilia kwa miaka mingi, bungeni na serikalini, akidai umri wa tairi uwekewe mpaka. Tangu tarehe 1 Februari 2021, mwezi uleule ambao sisi tulikuwa kando ya barabara ya Hedaru, sheria ya huko inakataza tairi lenye zaidi ya miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya mabasi madogo yanayotumia tairi mojamoja kila upande. Gari la familia lenye vitanda halimo katika sheria hiyo. Hilo kila nyumba inajiamulia yenyewe.

Basi mama, jibu la swali lako la kwanza liko kwenye ubavu wa matairi hayo manne, si kwenye kashata zake. Chukua tochi na kitambaa chenye maji. Tafuta herufi DOT na mstari wa herufi na namba unaozifuata. Mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 3519, ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, na kama upande huo umeangalia ndani itabidi fundi alishushe au wewe uinamie chini. Usikubali kuambiwa hazipo. Ukikuta tarakimu tatu tu, usiulize zaidi, maana hivyo ndivyo walivyoandika kabla ya mwaka 2000.

Kampuni nyingi za matairi zinashauri tairi likishafika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 tangu litengenezwe litolewe, hata kama linaonekana zima. Kwa jua letu, na kwa gari linalolala nje, sisi katika kikundi tumejiwekea miaka 7. Huo ni uamuzi wetu, si sheria ya mtu. Na ukinunua jipya dukani soma pia, kwa kuwa tairi linaweza kukaa rafuni miaka mitatu likauzwa kwa jina la jipya.

Ukiwa umeinama hapo, tazama pia kama kashata zimechongwa. Wapo mafundi wa vijiweni wanaochukua tairi lililokwisha wakachimba mistari mipya kwa kisu cha moto, kisha wakalipaka dawa nyeusi likang'aa. Linapendeza kweli. Lakini mpira waliouchimba ndio ule mwembamba uliokuwa umebaki kufunika nyaya.

Umri si jambo la pekee. Kuna uzito, na hapa ndipo wengi wenye magari ya namna hii wanapoteleza, hata wale wanaonunua matairi mapya. Kombi yetu, na bila shaka ya mzee wako kama ni ya miaka hiyo, ilitoka kiwandani na tairi lililoandikwa 185R14C. Hiyo 185 ni upana kwa milimita, R ni namna nyuzi zake zilivyopangwa, 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Ile C ya mwisho ndogo hivyo ndiyo yenye kazi kubwa. Inasema hili ni tairi la gari la mizigo, lenye mbavu nene. Mbele yake kuna namba nyingine, kwa kawaida 102/100 na herufi. Namba hizo ni za jedwali la uzito linalotumika duniani kote: 102 maana yake tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 850. Ile 100, kilo 800, ni kwa magari yanayofungwa tairi mbilimbili upande mmoja, haituhusu.

Sasa muuzaji atakuambia hilo ni adimu, chukua hili la gari dogo, 185/70R14, linaingia kwenye rimu ileile. Linaingia kweli. Lakini tairi la saizi hiyo mara nyingi limeandikwa 88, na 88 ni kilo 560. Piga hesabu kama unavyopiga ya sukari. Mara nne ni kilo 2,240. Kibati cha Kombi yetu kinasema gari likiwa na watu na mizigo linafika kilo 2,400 hivi. Yaani limeshindwa hata kabla hatujafika kwenye ukweli mwingine, kwamba uzito hauko sawa kwenye magurudumu yote. Injini ya Kombi iko nyuma. Kitanda kiko nyuma, kabati liko nyuma, na akina mama tunavyojua kupakia, ndoo na mabeseni yote yanakwenda nyuma. Tena tairi hilo ni fupi kuliko la asili kwa sentimita tatu na zaidi kutoka chini hadi juu, kwa hiyo hata saa ya mwendo itamdanganya dereva.

Hesabu ya mzigo afadhali tuifanye sisi, maana wanaume wengi huhesabu abiria tu. Lita 40 za maji ni kilo 40. Mtungi wa gesi, jiko, magodoro, vyombo, begi la kila mtoto, zawadi za bibi. Na kurudi je? Nani aliyewahi kutoka Moshi baada ya Krismasi bila mikungu miwili ya ndizi na gunia la kitu fulani ambalo hakulipanga? Yote hayo yanakalia matairi mawili ya nyuma.

Wanaofuatilia magari ya Ulaya watakuwa wamesikia matairi yenye herufi CP. Hayo hutengenezwa mahsusi kwa magari ya kulalia, yanayosimama muda mrefu yakiwa yamepakiwa. Ni mazuri, ila saizi zake nyingi ni za rimu za inchi 15 na 16 za magari ya siku hizi. Kwa Kombi ya rimu ya 14, tairi la C lenye 102 ndilo la kutafuta, na hakuna aibu kusubiri mwezi mmoja liagizwe.

Upepo tutausema kidogo, ingawa ndio unaoua matairi mengi kuliko misumari. Tairi lenye upepo mdogo linanyumbuka sana ubavuni, kunyumbuka kunaleta joto, na joto linalipasua. Ni kama homa, inaanzia ndani. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni au kwenye kitabu cha gari, na kwa Kombi iliyopakiwa, nyuma panataka upepo mwingi kuliko mbele. Fundi anayejaza magurudumu yote sawa kwa kukisia, akilipiga tairi teke na kusema "limekaa," mshukuru kisha umwombe apime. Upimwe asubuhi gari halijatembea, kama tunavyopenda kumpima mtu presha akiwa ametulia. Mchana barabarani kipimo kitapanda kwa sababu ya joto, na wako madereva wanaoogopa wakapunguza upepo njiani. Wasipunguze. Jioni tairi likipoa litakuwa na upungufu. Sisi tumenunua kipimo chetu kidogo, kinakaa kwenye kikapu kimoja na kipimajoto.

Turudi kwa mama yetu na swali lake la pili, maana namba zote hizi hazisaidii kama nyumbani haziwezi kusemwa.

Tunakuomba usimwambie mbele ya yule rafiki. Mwanamume aliyeletewa kitu na rafiki yake analinda heshima mbili kwa pamoja, yake na ya rafiki. Wala usianze na "nimesoma kwenye gazeti," ingawa tunafurahi kwamba unasoma. Ngoja jioni amekwisha kula. Mwite kwa jina analolipenda, Baba fulani, umwambie, "Naomba unisaidie kusoma namba hizi, mimi macho yangu hayazioni vizuri." Mwangazie tochi, mwache asome yeye kwa sauti. Akishasema mwaka kwa kinywa chake, hesabu ya miaka ataifanya mwenyewe. Mama mmoja wa kikundi chetu alifanya hivyo kwa gari la mumewe la kubebea nyasi, na mume akatoka nje usiku ule akasoma magurudumu yote manne kisha akaingia kimya, asubuhi akaenda dukani.

Lakini tusidanganyane, si kila mume ataingia kimya. Wako watakaokasirika. Na suala la fedha ni la kweli, kiinua mgongo kimekwisha kwenye rangi na viti. Hapo ndipo tunaposema bila kuzunguka: kumtii mume hakujawahi kuwa maana yake ni kunyamaza watoto wakipakiwa kwenye hatari uliyoisoma kwa macho yako. Abigaili alitandika punda na kuondoka bila kumwambia Nabali neno, na nyumba yake ikapona. Hatusemi mume wako ni Nabali, mama, mtu anayewaza kuwapeleka wajukuu kwa bibi yao ana moyo mzuri. Tunasema tu kwamba mke kuokoa nyumba si jambo jipya.

Kwa hiyo uwe na kitu mkononi cha kumpa, si neno tu. Kama una zamu ya upatu mwezi huu, iweke mezani. Fedha zikitosha matairi mawili tu kwa sasa, yanunuliwe mawili yaliyo sawa, yafungwe nyuma pamoja, na yale ya mbele yawe ya umri unaokubalika na ya aina ileile ya C. Safari yenu ni zaidi ya kilomita 500, kupita Chalinze, Segera, Mombo, tambarare yote ile ya joto. Kama hata mawili hayapatikani, Kombi ibaki nyumbani Desemba hii, ifunikwe magurudumu jua lisiyapige, na mpande basi. Watoto watalalamika siku moja. Mwaka unaofuata itakwenda.

Na matairi yakishafungwa, mwombe mzee akaze nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Fundi akubadilishie pia zile valvu za kujazia upepo, ni ndogo na bei yake ni ndogo, na ya zamani ikivuja taratibu usiku kucha itakuharibia tairi jipya.

Tulikuacha kando ya barabara pale Hedaru. Mama na mtoto walichukuliwa na Fuso lililokuwa limebeba vitunguu, dereva wake hakutaka hata nauli. Mtoto alikutwa na nimonia, akalazwa siku sita, akapona, na kadi yake ya chanjo tumeijaza wenyewe mpaka ya surua. Sisi wengine tulibaki kutafuta tairi la akiba, ambalo katika Kombi hii limefichwa chini ya pua ya gari, limelala kifudifudi mahali ambapo hakuna anayelitazama. Mzee alilishusha, akalifuta, akanyamaza. Tulipoinama kusoma tulikuta tarakimu tatu. Lilikuwa limekuja na wamisionari. Miaka minne tulikuwa tunaomba kabla ya safari na kujisifu kwamba tuna spea.

Tulilifunga, hatukuwa na jingine, tukatembea mwendo wa baiskeli hadi Makanya huku nusu yetu wakitembea kwa miguu kupunguza uzito. Kombi sasa ina matairi matano mapya ya 185R14C, na tarehe zake zimeandikwa kwenye daftari la dawa, ukurasa wa mwisho. Lile la tarakimu tatu limefungwa kamba kwenye mwembe uleule, na watoto wa shule ya Jumapili wanabembea juu yake.